Madoa meupe kwa samaki wa mapambo: Jua ugonjwa kabla ya kununua dawa

MFANYABIASHARA wa samaki wa mapambo anaweza kuingiza dukani goldifishi 50 na wiki mbili baadaye akabaki na tangi tupu. Mara nyingi dalili ya kwanza ni ndogo: vidoa vyeupe kwenye mapezi, na samaki anayejisugua kwenye mawe. Hapo wengi hukimbilia dawa yoyote yenye picha ya samaki na kuimimina. Wengine humimina mbili kwa pamoja. Hasara huanzia hapo, kwa kuwa magonjwa ya ngozi ya samaki hufanana kwa macho, lakini tiba ya mmoja inaweza kuchochea mwingine.

Anza na maji. Amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula ikizidi huunguza ngozi na matamvua. Samaki hutoa ute mwingi, huwa mwekundu na kuhema juu ya maji. Klorini ya maji ya bomba huleta hali kama hiyo. Samaki wote wakiugua ghafla siku moja, shuku maji kwanza. Pima amonia, kisha badilisha robo ya maji kwa maji ya bomba yaliyokaa siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi.

Maji yakiwa salama, chukua tochi umwangalie samaki kwa karibu.

Vidoa vinavyofanana na chembe za chumvi, kila kimoja kikiwa peke yake, kwa kawaida ni kazi ya kimelea kiitwacho Ichthyophthirius. Kimelea hiki hukaa chini ya ngozi ya samaki, na kikiwa huko dawa ya kwenye maji haikifikii. Kikikomaa hudondoka chini ya tangi, hujifunga kwenye ganda na kujigawa hadi kutoa mamia ya watoto. Hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa siku mbili hivi hufa. Ni hao wanaoogelea tu ndio wanaouawa na dawa.

Kwa hiyo anayetibu siku moja na kuacha baada ya kuona vidoa vimetoweka amejidanganya. Vidoa havikupona, vimedondoka, na jeshi jipya linakuja. Katika maji ya nyuzi joto 25 mzunguko huu huchukua siku chache. Katika maji ya baridi, kama ya Njombe au Nairobi usiku, unaweza kuchukua wiki kadhaa. Hivyo wenye hita hupandisha joto polepole hadi nyuzi 28 au 30 ili kuufupisha, huku pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Chumvi husaidia, tena ni rahisi. Tumia gramu 3 kwa kila lita. Kupata lita, zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 lenye maji ya kina cha 30 lina lita 54, hivyo linahitaji gramu 162. Iyeyushe kwanza, igawe mara tatu ndani ya siku moja na nusu, na uendelee siku kumi au zaidi. Samaki wasio na magamba, jamii ya kambare, huivumilia kwa shida, na mimea mingi hufa, ihamishe.

Lakini tahadhari na mabaka ya kijivu mdomoni, au mgongoni kama tandiko la punda. Huenda ni kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria ambao wengi huudhania kuwa ukungu. Huu hupenda joto: ukiwasha hita kama kwa vidoa, unawaua samaki kwa mkono wako. Unahitaji antibayotiki, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Ukungu wenyewe huota nyuzi za pamba juu ya kidonda, zaidi kwenye maji ya baridi. Vumbi la rangi ya dhahabu mwilini ni kimelea kingine. Daktari mwenye darubini akikwangua ute kidogo hutofautisha haya kwa dakika chache. Kimelea cha vidoa huonekana kama mpira unaojiviringisha, wenye kiini kilichopinda kama herufi U.

Kuna pia wanaotibu samaki wazima. Goldifishi dume akiwa tayari kuzaliana huota vichunusi vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na mfupa wa mbele wa mapezi ya kifuani. Huyo mwache.

Anayefuga pia sato wa kula asithubutu kuweka bwawani dawa ya malakaiti ya kijani inayotumika kwenye matangi. Imepigwa marufuku kwa samaki wa chakula katika nchi nyingi, zikiwamo za Umoja wa Ulaya, kwa kuwa mabaki yake hukaa kwenye nyama na inahofiwa kusababisha saratani.

Samaki wapya wakae tangi la peke yao kwa wiki tatu au nne, na neti yao isiguse tangi jingine.