Figo mupya, mishipa ya zamani

Bandugu wa mine, tunajua mupira wa kompresa na bomba ya chuma. Mupira ukipata presha unavimba kidogo, kisha unarudi. Chuma haivimbe: presha yote inapiga mbele. Mishipa ya damu iko vile vile.

Mwenzetu mumoja wa hapa Pweto alitumika chini ya udongo miaka mingi. Tansio ilipanda, hakuna aliyemupima. Miguu ilipoanza kuvimba, mafigo yalikuwa yamekwisha kuchoka. Familia iliuza kiwanja, wakifikiri figo mupya itamaliza mambo yote. Munganga aliwaambia ukweli: figo inaweza kubadilishwa, mishipa hapana.

Kupandikiza figo kulifaulu kwanza Boston, Marekani, mwaka 1954. Kwa jirani zetu, Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2017. Figo mupya inasafisha damu, inatoa mugonjwa kwa mashini ya dializi. Lakini mishipa iliyokuwa migumu wakati wa ugonjwa hairudi yote kuwa laini. Ndiyo maana wengi waliopandikizwa wanakufa na ugonjwa wa moyo, na figo ingali inatumika.

Baganga wanajuaje? Kuna mashini inayopima mbio ya pigo la moyo, toka shingo mupaka kwenye kinena. Ikipita metre 10 kwa segonde, mishipa ni migumu. Damu nayo inasema: kreatinini inaonyesha kazi ya figo. Fosfati ikizidi, inaungana na kalsiamu na kushika kwenye mishipa kama chokaa.

Sisi wa Katanga tuna sababu ya kuamuka mapema. Mwaka 2009, watafiti wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kama watu wanaokaa karibu na mine na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi sana mu mukojo, hata risasi na kadimiamu. Hizi mbili za mwisho zinaharibu mafigo.

Basi, kwa visite ya kila mwaka tuombe vitu vitatu: tansio, kreatinini, na protini mu mukojo. Kreatinini peke yake haitoshi, inaweza kuonekana muzuri mupaka nusu ya kazi ya figo imepotea.

Na ninyi bamama, bwana akirudi toka visite, mumuulize: “Karatasi ya labo iko wapi?” Muichunge pamoja na karatasi za nyumba.