Moshi Upite Wapi: Kupima Hewa ya Jiko la Mgahawa Kililana

Jiko la mgahawa hutoa joto, moshi, mvuke na matone madogo ya mafuta yanayoruka kutoka karaini. Mkaa huongeza lililo baya zaidi, hewa ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka.

Nyumba za mawe za Lamu zililimaliza jambo hili kwa ujenzi wenyewe: jiko liliwekwa juu kabisa, chini ya makuti, moshi ukatoka bila kupita vyumbani. Kililana, upande wa bara, ambako gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, mgahawa wa kulisha watu wa zamu hauwezi kupikia darini. Jiko huwa chini, ndani ya kuta nne, na moshi lazima uvutwe.

Kazi huanzia kwenye kofia ya moshi, lile sanduku la bati lisilo na kitako linaloning'inia juu ya meko. Moshi hutanuka kadiri unavyopanda, kwa hiyo kofia huyapita meko kwa sentimita 20 hivi kila upande, na ukingo wake hukaa kama mita 2 kutoka sakafuni. Ikiinuliwa zaidi ili mpishi mrefu asigonge kichwa, upepo wa mlangoni huubeba moshi kabla haujafika.

Kipimo cha feni hutokana na eneo la kofia likizidishwa kwa mwendo wa hewa inayopanda. Kuchemsha wali na chai hutosheka na mita 0.25 kwa sekunde. Kukaanga samaki na mahamri kutwa huhitaji kama 0.4, mkaa wa mishkaki hutaka 0.5, na bomba lake pekee, kwa kuwa cheche hazifai kukutana na mafuta ya bomba jingine. Meko ya gesi ya mita 2 kwa 0.8 yatavikwa kofia ya mita 2.4 kwa 1.2, yaani mita za mraba 2.88. Kwa mwendo wa 0.4, feni itavuta mita za ujazo 1.15 kwa sekunde, karibu 4,150 kwa saa. Bomba la mraba la sentimita 40 litaipitisha hewa hiyo kwa mwendo wa mita 7 hivi kwa sekunde, bila kelele za kupindukia. Kila kona ya bomba huipunguzia feni nguvu, basi feni huchaguliwa kwa uwezo wake ikiwa imeshafungwa bombani, wala si kwa tarakimu ya juu iliyoandikwa kwenye boksi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Feni haitoi hewa isiyoingia. Katika jiko lililofungwa kwa ajili ya nzi na vumbi, feni itanguruma bila kuvuta, na moshi utabaki juu ya sufuria. Sehemu kubwa ya hewa inayotolewa, kama asilimia 85, iletewe njia yake. Kwa mfano huu, tundu la mita moja ya mraba, na kubwa zaidi likiwekewa wavu wa mbu. Kiasi kinachobaki huingia kutoka ukumbi wa chakula, na ndicho kinachozuia harufu ya samaki isiwafuate wateja mezani.

Tundu hilo lisitegemee upepo wa msimu mmoja. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi ikaja kutoka kaskazini-mashariki, na wakati wa tangambili, kati ya pepo hizo mbili, hewa hulegea. Kwa hiyo pia mdomo wa bomba haupigwi ubavuni mwa ukuta: hupandishwa wima, angalau mita moja juu ya paa, mbali na tundu la kuingizia.

Chumvi ya bahari hula bati la kawaida upesi, hivyo stenlesi, ingawa ghali, ndiyo rahisi mwishoni. Vichujio vya mafuta huinamishwa ili mafuta yachuruzike kwenye mfereji wake, navyo huoshwa kwa maji moto na sabuni kila jioni pale panapokaangwa kutwa. Bomba nalo huwekewa vilango vya kusafishia, kwa kuwa mafuta yaliyoganda humo hushika moto pasipofikika, na maji hayauzimi moto huo, huutawanya.