Lengo la Mwanachama Lisikatike Njiani



Mkaguzi anapofungua leja ya akiba ya chama cha msingi, huona jambo moja likijirudia. Mwanachama mpya huweka fedha mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, tena kwa bidii. Kisha nafasi zinazofuata huwa tupu. Akiulizwa sababu, mara nyingi hujibu kwamba moyo umemwishia. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini moyo huo huisha, na yale ambayo chama kinaweza kufanya ili usiishe.

Sababu ya kwanza ni kwamba lengo halikupimwa. Mtu husema, "Nataka nyumba ya bati," au, "Nataka mwanangu amalize shule." Hayo ni matakwa mema, lakini hayamwonyeshi mwenyewe amefika wapi. Asiyeiona hatua aliyokwisha kupiga hudhani hajaondoka.

Tumtazame mwananchi mwenzetu. Ndugu Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, alishinda mbio za mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Umbali huo ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, na kila mzunguko hupimwa kwa saa. Kwa hiyo mkimbiaji hujua mapema kama anakwenda vema au amechelewa. Hangoji kufika kwenye utepe ndipo ajihesabu.

Mwanachama naye na aligawe lengo lake katika mizunguko. Lakini hapa ndipo ilipo sababu ya pili. Wengi hugawa kwa miezi kama mtumishi wa mshahara, ilhali mkulima na mfugaji hawapati fedha kila mwezi. Tuchukue mfano wa lengo la shilingi 1,200,000 kwa miaka miwili. Kwa mwezi ni shilingi 50,000. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola atashindwa katika miezi ambayo palizi na dawa vinadai fedha na shamba halijatoa kitu. Akiwa anavuna mara mbili kwa mwaka, mizunguko yake ni 4, kila mmoja shilingi 300,000. Mkulima wa kahawa wa Karatu, ambaye chama chake hulipa malipo ya awali na ya pili, na aandike mapema ni kiasi gani cha malipo ya pili kitaingia akiba kabla hakijafika mkononi mwake. Mfugaji wa Ngorongoro na ahesabu kwa minada: mbuzi wangapi, na mwezi upi, kabla kiangazi hakijawakondesha na kushusha bei yao.

Sababu ya tatu ni pigo. Mvua hukosekana, bei huanguka, au mnunuzi hudai lumbesa, na mzunguko hautimii. Hapo mwanachama huona haya, huacha kufika chamani, na mwishowe hutaka kutoa akiba yake yote.

Bayi naye alifungiwa njia. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Rekodi ya dunia ya mita 1500 ilikuwa bado yake, lakini hakukimbia. Mwaka 1980, mjini Moscow, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Alibadili mbio, hakuacha kukimbia. Vivyo hivyo, aliyepaswa kuweka shilingi 300,000 katika mzunguko wa pili akapata 100,000, na aziweke hizo hizo. Shilingi 200,000 zilizopungua zigawanywe katika mizunguko miwili iliyobaki, au muda uongezwe kwa msimu mmoja.

Makatibu wanaombwa kutekeleza haya:

(a) Kila mwanachama aandikiwe katika kitabu chake lengo, kiasi, na tarehe za mizunguko.

(b) Kila anapoweka fedha apewe stakabadhi, na asomewe jumla aliyofikia na kiasi kilichobaki.

(c) Baada ya kila msimu, kamati imwite kwa faragha mwanachama mwenye nafasi tupu ili kupanga upya. Jina lake lisisomwe mkutanoni kwa kumwaibisha.

Tusidhani kwamba nafasi tupu ni hasara ya mtu mmoja. Mikopo ya jirani hutoka katika akiba hiyo hiyo; ikikauka, mwenye mgonjwa au mwenye karo hurudi kwa mlanguzi na kuuza mazao yangali shambani. Kwa hiyo, kabla ya mkutano mkuu ujao, kila katibu na afungue leja yake, ahesabu nafasi zilizo tupu tangu msimu uliopita, kisha aanze na mwanachama wa kwanza.