Mtoto Atakaye Kusoma Sheria Mlimani: Yawapasayo Wazazi Kuyajua

Siku moja baada ya sala ya Alasiri alitujia mzee mmoja wa hapa Piyaya, ambaye binti yake tulimfundisha alifu na bee, na sasa binti huyo yu kidato cha sita. Mzee alikuwa na neno moja tu: "Maalim, huyu ataka kusoma sheria Dar es Salaam. Niuze ng'ombe wangapi?" Tukamjibu upesi, kama wajibuvyo watu wasiojua, kwamba masomo ni miaka mitatu, na ikiisha binti atakuwa wakili. Mzee akahesabu kwa vidole akasema atauza sita.

Jibu letu lilikuwa na makosa mawili, na kila kosa lingemgharimu mzee yule mifugo yake. Sisi elimu yetu ni chuo cha Qur'ani na darasa la saba, Mlimani hatukusoma. Lakini baada ya kuona haya tuliuliza kwa waliosoma, na tuliyoyapata twawaandikia wasomaji wetu, wasije wakapotezwa na maalim wao kama tulivyompoteza yule mzee.

Yafaa kwanza kukijua chuo chenyewe. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, Tanganyika ingali haijapata uhuru, katika jumba la TANU lililo katika mtaa uitwao leo Lumumba, nacho kilikuwa na wanafunzi 14 tu. Vijana wa Kenya na Uganda nao walikuja kusoma hapo. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Leo kitivo kile chaitwa Shule Kuu ya Sheria. Hapo ndipo aliposoma Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1985 hata 1990, na hapo ndipo aliposoma Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011. Na katika wale 14 wa kwanza alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alifanywa Waziri wa Sheria. Twamtaja kwa sababu wako akina baba katika wilaya yetu wasemao kwamba sheria si kazi ya binti.

Sasa turudi kwenye makosa yetu. La kwanza, shahada ya sheria pale Mlimani ni miaka minne, si mitatu. La pili ndilo kubwa: mwenye shahada hiyo si wakili bado. Tangu ilipotungwa sheria ya mwaka 2007, ni sharti aende tena Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, nayo iko Dar es Salaam, akae huko mwaka mzima akijifunza kuandika hati, kuendesha shauri na kuhoji mashahidi, kisha afanye mitihani. Akifaulu ndipo aweza kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuandikwa katika orodha ya mawakili. Wengi huyachanganya majina ya mahali hapa pawili, maana yote mawili husemwa ni shule ya sheria, na mzazi aliyekwisha kuchinja ng'ombe wa mahafali hushangaa kuombwa ada nyingine.

Wala mtu asidhani kwamba mwaka huo wa mwisho ni wa kupumzika. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya taasisi hiyo: katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioshindwa kabisa 265. Nchi nzima ilipiga kelele, na Waziri akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Sisi twaona lawama nyingine ni yetu huku vijijini, na tutasema kwa nini.

Mtoto wa Piyaya husema Kimaasai nyumbani, husoma Kiswahili shule ya msingi, na afikapo sekondari huambiwa ghafula asome Kiingereza. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tulifurahi. Lakini hukumu za miaka mingi iliyopita zimo katika Kiingereza, na vitabu vya kufundishia vivyo hivyo. Sheria ni kazi ya kusoma kurasa nyingi kila usiku na kupima neno moja moja. Kijana aliyezoea kukariri bila kufahamu atachoka mapema. Nasi waalimu wa madrasa tusijitoe katika lawama hiyo. Wangapi wetu humsomesha mtoto juzuu nzima bila kumweleza maana ya aya moja?

Liko jambo dogo liwakwamishalo wengi: cheti cha kuzaliwa. Aombaye mkopo wa Bodi ya Mikopo hutakiwa awe nacho, nacho kithibitishwe na RITA. Watoto wetu wengi walizaliwa bomani na hawana. Kitafutwe mtoto angali kidato cha tatu, si wiki ya mwisho ya maombi, maana kutoka hapa hata Wasso si hatua mbili. Na asiyepata alama za Mlimani asikate tamaa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto hutoa cheti na stashahada ya sheria, na wako walioanzia huko wakapanda.

Baadhi ya wazee hutuuliza kama yamfaa Muislamu kusoma sheria za serikali. Twawajibu kwamba huku bara hatuna mahakama ya kadhi ndani ya mahakama za dola kama walivyo nayo ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Mjane wa Kiislamu akidhulumiwa mirathi yake, shauri lake huamuliwa mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo. Ni heri awepo pale ajuaye faraidhi na ajuaye pia kanuni za mahakama.

Tena tulio katika Ngorongoro tuna sababu yetu. Vijiji vinne vya Loliondo vilifungua shauri la ardhi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka 2017. Mwaka 2022 likatupwa, kwa kuwa majaji waliona ushahidi haukuthibitisha kwamba watu waliondolewa ndani ya ardhi ya vijiji; mwaka 2023 majaji wa rufaa wakaamuru lisikilizwe upya. Shauri zima lilizunguka juu ya ramani na mipaka. Binti yule alituambia kwamba alipoyasikia hayo ndipo alipoanza kutaka sheria.

Tulimwendea baba yake tukamweleza makosa yetu yote. Alinyamaza kitambo, akauliza kama mkopo waweza kupatikana, tukamwambia waweza, kama cheti kipo. Kumbe hakipo. Ameuza ng'ombe wawili kwa nauli na vifaa, wanne amewaweka kwa mwaka wa tano, na Jumatatu yeye na binti yake wanakwenda Wasso kukitafuta cheti.