Ng'ombe Anaonekana Mzima, Lakini Maziwa Yake Je?



Siku nyingine hapa kilinike tunasema juu ya uji, chandarua na chanjo. Leo tutasema juu ya ng'ombe. Labda mtauliza: mambo ya ng'ombe yanatuhusu nini sisi wenye kulea watoto? Yanatuhusu sana. Maziwa yanayokamuliwa asubuhi yako tumboni mwa mtoto kabla ya saa sita. Kama ng'ombe ana ugonjwa, ugonjwa ule unaweza kusafiri ndani ya kikombe.

Magonjwa mawili ya kufahamu

La kwanza ni kifua kikuu cha ng'ombe. Vijidudu vyake ni ndugu wa karibu wa vile vya kifua kikuu cha watu. Mtoto akivipata kwa njia ya maziwa, mara nyingi hakohoi. Anavimba tezi za shingo, ama tumbo, ama mifupa ya mgongo inaharibika. Mama anangojea kikohozi, kumbe ugonjwa umepita njia nyingine.

La pili linaitwa bruselosi. Ng'ombe jike anatupa mimba, mara nyingi miezi ya mwisho. Mtu akiambukizwa anapata homa ya kuja na kuondoka, jasho jingi usiku, viungo vinauma, nguvu zinakwisha. Watu wanasema: "Ni malaria." Anameza dawa ya malaria mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na homa inarudi tu. Mama mwenye mimba akishikwa na ugonjwa huu, mimba inaweza kuharibika.

Juu ya nini macho hayatoshi?

Mtu atasema: "Ng'ombe wangu ni mnene, anakula vizuri, hawezi kuwa mgonjwa." Sikiliza habari ya kisiwa cha Malta. Mwaka 1887 munganga David Bruce alikuta kijidudu ndani ya wengu wa askari Waingereza waliokufa kule kwa homa ndefu. Miaka mingi hawakujua homa ile inatoka wapi. Mwaka 1905 munganga wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi. Mbuzi wale walikuwa wazuri kwa macho, wenye maziwa mengi. Lakini damu yao ilionyesha kwamba wana ugonjwa. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua upesi kati yao. Raia waliendelea kunywa, nao waliendelea kuugua.

Kwa ng'ombe, munganga wa wanyama Bernhard Bang wa Denmark ndiye aliyeonyesha mwaka 1897 kijidudu kinachofanya watupe mimba. Baadaye ikajulikana kwamba kijidudu chake na kile cha Bruce ni vya jamaa moja.

Waganga wa wanyama wanapima namna gani?

Kwa kifua kikuu wanatumia tuberkulini, dawa iliyotayarishwa na Robert Koch mwaka 1890. Haiponyeshi, inafaa kwa kupima. Veterineri ananyoa manyoya kidogo shingoni mwa ng'ombe, anapima unene wa ngozi, kisha anadunga dawa kidogo sana ndani ya ngozi. Anarudi siku ya tatu na kupima tena. Ngozi ikivimba, maana yake mwili ulikwisha kukutana na vijidudu vile. Mara nyingi anadunga mahali pawili: pamoja tuberkulini ya ng'ombe, pengine tuberkulini ya ndege. Sababu gani? Kuna vijidudu vingine vya jamaa ile, vya udongo na vya ndege, vinavyoweza kuvimbisha ngozi. Analinganisha uvimbe wa huku na wa kule, kusudi asihukumu ng'ombe bure. Ni kama mtoto wako anapodungwa mkononi, mnaambiwa mrudi siku ya tatu tusome mkono wake.

Kwa bruselosi wanachukua damu, wanaacha maji yake yajitenge, wanachanganya tone moja na tone la dawa ya rangi ya waridi. Wanatikisa kwa dakika nne. Tone likibaki laini, ni vema. Likifanya chembechembe kama maziwa yaliyokatika, ng'ombe anashukiwa, na damu inapelekwa kupimwa kwa njia nyingine. Kuna hata kipimo cha maziwa yenyewe: wanatia dawa ya buluu ndani ya maziwa mabichi. Kama malai yanayopanda juu yanakuwa buluu na maziwa ya chini yanabaki meupe, kuna hatari katika kundi.

Na mbogo wa porini?

Mbogo nao wanashikwa. Katika miaka ya 1960 waganga wa wanyama wa Uganda walikuta kifua kikuu cha ng'ombe kwa mbogo wa hifadhi ya Queen Elizabeth, ile inayopakana na Virunga yetu. Kule Afrika Kusini, katika hifadhi ya Kruger, mbogo wa kwanza mwenye ugonjwa huu alitambuliwa mwaka 1990. Ng'ombe na mbogo wakila majani pamoja na kunywa maji pamoja, wanaweza kuambukizana.

Lakini nani atamshika mbogo shingoni? Inabidi kumpiga sindano ya usingizi kutoka mbali, kumdunga tuberkulini, kumfunga ndani ya ua siku tatu, kisha kumlaza tena. Kwa hiyo wataalamu wa Australia walitengeneza kipimo cha damu katika miaka ya 1980. Damu inachanganywa na tuberkulini ndani ya chupa na kuachwa usiku kucha. Kama mnyama ana ugonjwa, chembe za damu zinatoa alama inayopimika. Mbogo anakamatwa mara moja tu. Kipimo hiki kinatumika kwa ng'ombe pia.

Ukiambiwa ng'ombe wako ni mgonjwa

Hapa ndipo pagumu, wamama. Ng'ombe ni karo ya shule, ni mali ya kuoa, ni akiba ya siku ya taabu. Mtu anajaribiwa kumpeleka sokoni kimya kimya. Lakini ukimwuza kwa jirani akiwa hai, umemwuzia jirani ugonjwa, na maziwa yale yatakunywewa na mtoto wa mwingine. Umweke mbali na wenzake, ufuate neno la veterineri. Kama anasema achinjwe, achinjwe mahali nyama inapopimwa.

Tena ujue: hakuna kipimo kisichokosea. Ng'ombe aliyeambukizwa juzi, ama aliyedhoofika kabisa, anaweza kukosa kuvimba ngozi. Na kwetu vijiji vingi havifikiwi na veterineri. Basi kuna kazi moja isiyongojea mtu, nayo iko jikoni mwako.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Chemsha maziwa yote mpaka yapande, hata kama ng'ombe alipimwa, hata kama ni ya mbuzi. Moto unaua vijidudu vya magonjwa haya mawili.

2. Mashanza yafanywe na maziwa yaliyokwisha kuchemshwa. Uchungu wa mashanza si moto; vijidudu vinaweza kubaki ndani.

3. Ng'ombe akitupa mimba, hapana kugusa ndama mfu wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mwenye mimba asikaribie kabisa. Vichimbiwe shimo refu ama vichomwe, mbwa wasipewe.

4. Nyama, ya ng'ombe au ya porini, ipikwe mpaka ndani isibaki na damu.

5. Homa ikirudi-rudi, ama mtoto akivimba tezi za shingo, mwambie munganga: "Nyumbani tuna ng'ombe," ama "Tunakunywa maziwa mabichi." Neno hilo litamwonyesha njia ya kupima. Bruselosi inatibiwa kwa dawa zaidi ya moja, kwa majuma sita au zaidi. Kifua kikuu kinatibiwa kwa miezi mingi. Homa ikishuka, usiache dawa.

Neno la mwisho. Chanjo ya BCG, ile mtoto wako anayopewa akiisha kuzaliwa, ilitoka kwa kijidudu cha ng'ombe. Calmette, munganga wa watu, na Guérin, munganga wa wanyama, walikilea miaka 13 mule Lille, Ufaransa, mpaka kikapoteza ukali. Mtoto wa kwanza aliipata mwaka 1921. Chanjo hiyo inamlinda mtoto hasa na kifua kikuu kikali cha utotoni. Lakini haimzuilii kila ugonjwa, na juu ya bruselosi haiwezi kitu. Kwa hiyo leta mtoto apate chanjo, na kesho asubuhi weka sufuria ya maziwa motoni.