UZI: "Familia zitafidiwa." Na nani?

1/ Ajali mbaya ikitokea, mambo ni yale yale. Mheshimiwa anafika matangani, anashika maikrofoni, anaahidi "familia zitafidiwa". Watu wanapiga makofi. Mimi huuliza: na nani, na kwa sheria gani?

2/ Pesa za pole ni hiari. Asipozitoa, huna pa kumshtaki. Fidia ni haki, na mara nyingi anayelipa ni bima ya gari lililosababisha ajali. Sura ya 405 ya sheria zetu inalazimisha gari liwe na bima ya thadi pati, ile ya stika kwenye kioo. Abiria wa matatu na mtu aliyegongwa akivuka barabara wako ndani.

3/ Lakini ni wewe unayethibitisha kosa. Ripoti polisi, chukua nambari ya OB, abstrakti na fomu ya P3. Andika nambari ya gari. Weka risiti zote za hospitali, hata ya dawa za maumivu.

4/ Muda nao unaenda. Una miaka 3 kufungua kesi. Ukigongwa na gari la serikali, miezi 12 tu! Usingoje kesi ya trafiki iishe: ile ni ya kumwadhibu dereva, ya fidia unaifungua wewe. Aliyegongwa akifariki, wanaoweza kudai ni mume au mke, watoto na wazazi.

5/ Sasa siasa yenyewe. Sheria haiilazimishi bima kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi unamdai mwenye gari, na kama hana kitu, umebaki na karatasi ya korti. Kampuni ya bima ikianguka, na tumeona za matatu zikianguka, kuna hazina ya kufidia, lakini mwisho wake ni 250,000. Kijana wa miaka 22 aliyevunjika uti wa mgongo atafika wapi na hiyo?

6/ Kiwango cha milioni 3 kiko kwenye sheria, na sheria hubadilishwa bungeni. Kwa hivyo akija kuomba kura, muulize: milioni 3 na 250,000 mtazipandisha lini? Na nani anahakikisha bima za matatu zina pesa kabla ya stika kuuzwa?

Kama kuna mtu wako aliyeumia, mtumie namba 3 na 4 leo.