Masomo ya Uchungaji Ukubwani: Karo Hulipwa na Nani, na Nyumba Hulishwa na Nani?

Elimu haina mwisho, ndivyo walivyonena wahenga, wala hapana anayewabishia. Lakini wahenga hawakutuambia ni nani atakayelipa karo ya mtu mzima aliyekwisha kuwa na mke na watoto, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa kila mwezi, na ambaye sasa anatakiwa kurudi darasani akiwa na mvi kichwani.

Swali hilo limepata uzito mpya nchini Rwanda, na chimbuko lake mojawapo liko juu ya kilima cha Kimihurura, mjini Kigali. Askari wanakijua vema kilima hicho. Ndipo yalipo makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, na ndipo lilipo jengo la Bunge ambalo tarehe 28 Desemba 1993 lilipokea askari 600 wa RPF kwa mujibu wa Mapatano ya Arusha. Bunge hilo ndilo lililopitisha Sheria Na. 72/2018 ya tarehe 31 Agosti 2018 kuhusu mashirika ya dini. Sheria hiyo iliwataka wenye dhamana ya kuongoza mashirika hayo wawe na shahada yenye masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti halali cha masomo ya dini, na ikawapa muda wa miaka 5 kutimiza sharti hilo. Muda huo ulikwisha mwaka 2023. Mwaka uliofuata, nyumba za ibada zilipokaguliwa kote nchini, maelfu zilifungwa kwa kukosa masharti ya namna mbalimbali.

Hatukusudii hapa kuijadili sheria yenyewe. Tunakusudia kuitazama nyumba ya mtu ambaye, kwa sheria au kwa wito wa moyo wake, anaingia katika masomo ya uchungaji akiwa mtu mzima. Huyo aweza kuwa mwinjilisti wa miaka mingi, aweza kuwa mama mwalimu wa shule ya Jumapili, na aweza pia kuwa askari au polisi anayekaribia kustaafu.

Kanisa changa, chuo kilicho mbali

Tuchukue Walutheri kuwa mfano wetu, kwa kuwa kwao tatizo hili linaonekana waziwazi. Kanisa la Kilutheri nchini Rwanda ni changa. Lilianzishwa mwaka 1995 na Wanyarwanda waliorejea kutoka Tanzania, walikokuwa wameishi ukimbizini na kuijua imani hiyo. Kanisa changa halina chuo kikuu chake, na kwa sababu hiyo macho yake hayana budi kuelekea kule lilikotoka.

Huko Tanzania chuo mashuhuri cha Walutheri ni Makumira, karibu na Usa River, mkoani Arusha. Kilianza mwaka 1947 huko Lwandai, katika milima ya Usambara, kikahamia Makumira mwaka 1954, na leo ni chuo kikuu. Wachungaji wengi wa Afrika ya Mashariki wamepita hapo. Walakini, kutoka Kigali hadi Makumira, kwa njia ya Rusumo, Kahama na Singida, ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Kijana asiye na mke huenda akafunga mzigo wake, akalala bwenini miaka kadhaa, kisha akarudi. Mtu mwenye watoto akiondoka kwa muda huo, nyumba hubaki na nguzo moja.

Darasa limfuate mwanafunzi

Tatizo hili si la Rwanda peke yake, wala si la leo. Mwaka 1963 chuo kimoja cha Wapresbiteri nchini Guatemala kiliona kwamba watu waliofaa kuwa viongozi wa makanisa ya vijijini walikuwa watu wazima wenye mashamba na familia, ambao hawakuweza kuja kukaa chuoni. Wakuu wa chuo hicho wakageuza utaratibu: badala ya mwanafunzi kulifuata darasa, darasa likamfuata mwanafunzi. Mtu alisoma vitabu nyumbani kwake, na kila juma akakutana na mwalimu na wenzake katika kituo kilicho karibu. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi, na Walutheri wa Tanzania wanaufahamu kwa jina la Elimu ya Theolojia kwa Enezi.

Tangu hapo njia zimeongezeka. Yapo masomo ya jioni, masomo ya mwisho wa juma, vipindi vifupi vya majuma mawili au matatu wakati wa likizo, na sasa masomo kwa njia ya intaneti. Huko Marekani, Walutheri wa Sinodi ya Missouri waliidhinisha mwaka 2007 mpango ambao mwanafunzi hubaki katika usharika wake akihudumu, huku akisoma kwa mbali na kwenda chuoni kwa vipindi vifupi tu. Kwa hiyo, njia ya kusoma bila kuivunja nyumba ipo. Kilichobaki nyuma ni mfuko wa fedha.

Kwa nini msaada hubaki nyuma?

Ili kulielewa jambo hili yatupasa tuangalie misaada ya masomo ilivyoanza. Walutheri walilifikiria mapema sana. Tarehe 24 Januari 1522 mji wa Wittenberg, alikofundisha Martin Luther, ulitoa amri ya kuanzisha sanduku la pamoja, na miongoni mwa kazi za sanduku hilo ilikuwa kuwasaidia watoto wa maskini wanaofaa kusoma. Mwaka 1536 mtawala wa Württemberg alianzisha huko Tübingen nyumba ya wanafunzi wa theolojia ambamo walisoma kwa gharama ya dola. Mwanafunzi mmoja aliyenufaika na nyumba hiyo ni Johannes Kepler, ambaye baadaye aligeuka kuwa bingwa wa elimu ya nyota.

Msaada wa namna hiyo ulikuwa mwema, lakini tazama sura yake: kitanda, mkate na kitabu, vyote chini ya paa moja, kwa kijana asiye na familia. Sura hiyo ndiyo iliyorithiwa na mifuko mingi hadi leo. Mwanafunzi wa kweli, kwa macho ya mfuko, ni yule anayelala chuoni na kusoma kutwa. Anayesoma usiku baada ya zamu huonekana kama nusu mwanafunzi. Hata katika nchi tajiri mambo ni hayo hayo: huko Marekani, mikopo ya serikali ya wanafunzi haitolewi kwa mtu anayesoma chini ya nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo. Mwenye familia anayechukua somo mojamoja, kwa kadiri ya nguvu zake, huachwa nje ya mlango.

Hata hivyo, upo mfano mwingine unaowahusu askari hasa. Mwaka 1944, vita vikiwa havijaisha, Marekani ilitunga sheria ya kuwasaidia askari watakaorejea uraiani. Sheria hiyo ililipa karo hadi dola 500 kwa mwaka, na zaidi ya hapo ikatoa posho ya kila mwezi: dola 50 kwa asiye na wategemezi, na dola 75 kwa mwenye wategemezi. Tuitafakari tofauti hiyo ya dola 25. Waliotunga sheria walitambua kwamba askari mwenye mke na watoto haingii darasani peke yake. Mtu huyo huingia na jungu la nyumbani kwake, na jungu hilo halizimi moto kwa sababu baba anasoma.

Hesabu ya jikoni

Sasa tuketi mezani, mume na mke, tupige hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila nyumba itie za kwake.

Tuseme karo ya mwaka ni faranga 600,000, na mfadhili amekubali kulipa nusu, yaani 300,000. Nyumba nzima hushangilia. Lakini mwanafunzi ana vipindi vitatu vya kwenda chuoni, na kila kipindi, nauli na malazi, ni faranga 60,000, jumla 180,000. Vitabu, uchapaji na intaneti ni 120,000. Tena, siku anazokuwa chuoni, duka dogo hufungwa au shamba hukosa mkono, na pato linalopotea kwa mwaka ni 200,000. Jumla ya gharama zote ni faranga 1,100,000.

Toa zile 300,000 za mfadhili, zinabaki 800,000. Hizo ndizo zinazotoka katika mfuko wa nyumba, karibu faranga 67,000 kila mwezi. Msaada ulioitwa nusu, ukiupima kwa mizani ya jikoni, ni zaidi kidogo ya robo. Na aghalabu anayeziba pengo hilo ni mama wa nyumba, kwa kupunguza nyama, kwa kuahirisha viatu vya watoto na kwa kuongeza saa za kazi yake, wala jina lake haliandikwi popote katika fomu ya msaada.

Kabla ya kutia saini

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatia saini, uliza na kuchunguza mambo haya.

Kwanza, je, chuo kinatambuliwa? Mtu aweza kupoteza miaka na akiba yake kwa cheti kisichokubaliwa. Kwa Rwanda, mahali pa kuuliza ni Baraza la Elimu ya Juu. Uliza kabla ya kulipa, na uulize hasa juu ya masomo ya mbali, maana huenda chuo kikatambuliwa kwa masomo ya kutwa na si kwa yale ya mbali.

Pili, msaada unalipa nini? Omba uandikiwe waziwazi: karo pekee, au pamoja na nauli, chakula na vitabu. Je, utaendelea mwaka wa pili? Je, ukipumzika mhula mmoja kwa ugonjwa au kwa kuhamishwa kituo cha kazi, msaada utakungoja?

Tatu, je, kuna sharti la kurudisha? Misaada mingine humtaka mhitimu alitumikie kanisa kwa miaka kadhaa, au arudishe fedha. Si sharti baya, lakini mke naye hana budi kulijua kabla.

Nne, jihadhari na mkopo. Askari, polisi na watumishi wa magereza wana bahati ya kuwa na chama chao cha akiba na mikopo, Zigama CSS, na jina lake lenyewe lamwambia mwanachama aweke akiba. Ni heri kuanza kuweka akiba miaka miwili kabla ya masomo kuliko kukopa siku ya kuandikishwa. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mshahara wa mchungaji wa usharika mdogo si mkubwa, na deni la karo huweza kuishi muda mrefu kuliko furaha ya kuhitimu.

Jukumu la usharika

Wapo wasemao kwamba mtu mzima mwenye kazi ajilipie mwenyewe, na hutoa mfano wa Mtume Paulo aliyeshona mahema. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Anayelipa japo kidogo huithamini elimu yake, na mfuko wa kanisa hauna kima. Lakini Paulo hakuwa na watoto wa kuwapeleka shule, tena yeye mwenyewe alipokea misaada ya ndugu wa Filipi.

Njia ya haki ni kugawana mzigo mapema na kwa maandishi: mwanafunzi atoe fungu lake, usharika fungu lake, na kanisa au mfadhili fungu lake. Usharika usio na fedha hauna udhuru wa kukaa kitako. Waumini waweza kulima shamba la mwanafunzi katika majuma anayokuwa chuoni. Akina mama waweza kumpa mkewe zamu ya mapema katika ikimina, ili fedha ipatikane mhula unapoanza. Mwenye kompyuta aweza kuiazima kwa jioni mbili kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wenye kugawa misaada nao waongeze mstari mmoja katika fomu zao: nyumbani kwako mko wangapi, na mtaishije unaposoma? Mwanafunzi anayesoma usiku baada ya kazi anastahili kupimwa kwa mzigo anaoubeba, si kwa kitanda anacholalia. Kanisa likimpata mchungaji mwenye shahada lakini nyumba yake imevunjika kwa madeni, litakuwa limepata cheti na kumpoteza mtu.